Wino wa peni kwenye zulia la sufu: kabla hujaongeza kitu kingine

“Nina zulia la rangi ya krimu lenye maua mekundu, mama mkwe alituletea kutoka Maskati tulipooana. Wiki mbili zilizopita mwanangu wa miaka minne alivunja peni ya bluu akichora sakafuni, wino ukamwagikia zulia, doa kama sarafu. Nikamimina maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ya kufulia. Sasa doa ni kubwa kama sahani. Nikajaribu jiki kidogo pembeni. Wino haukutoka, ila pale pamegeuka manjano na nyuzi zinakwaruza. Jirani anasema nichanganye jiki na ndimu, dada yangu anasema maziwa, wengine wanasema sprei ya nywele. Juzi nililifuta likaonekana limepungua, asubuhi nikalikuta limerudi. Mkwe wangu anakuja kwa ajili ya Idi. Nifanye nini?”

Pole sana, dada yangu. Kabla ya yote, ile ya jiki na ndimu usiifanye, si juu ya zulia tu, hata chooni usiifanye. Jiki ikikutana na asidi ya ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Kama umeshaijaribu ukakohoa au kifua kikabana, toka nje upate hewa, na kikiendelea kubana nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Zulia litasubiri.

Unachouliza ni namna ya kutoa wino. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, zulia lako lina majeraha mawili: kuna wino, na kuna palipochomwa na jiki. La kwanza linasafishika, kwa sehemu kubwa. La pili si uchafu tena, na hakuna sabuni itakayolitoa. Usipoyatenganisha utaendelea kusugua manjano ukidhani unapambana na wino, na utamaliza manyoya ya zulia.

Hayo manjano, hata hivyo, yamenipa habari kuliko maelezo mengine yote. Mazulia mengi yanayouzwa madukani siku hizi, yale yanayosukwa kwa mashine Uturuki na kwingineko, ni ya polipropilini, yaani plastiki. Plastiki hiyo kwa kawaida hutiwa rangi ikiwa bado uji, kabla haijavutwa kuwa uzi, ndiyo maana jiki ikiidondokea mara nyingi haiifanyi kitu. Lako limegeuka manjano na nyuzi zimekauka mpaka zinakwaruza. Hivyo ndivyo inavyofanya sufu. Sufu ni manyoya ya kondoo, ni protini kama nywele zako, na jiki huila: kwanza huigeuza rangi, kisha huikakamaza, na jiki kali ikikaa muda mrefu huiyeyusha kabisa. Basi nina imani kubwa kwamba mkwe wako alikuleteeni zulia la sufu halisi.

Hata hivyo hakikisha. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo, mahali pasipoonekana, zishike kwa kibano cha nyusi juu ya sahani, mbali na zulia lenyewe, uziwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiondoa moto, na hubakiza jivu jeusi linalosagika ukilibonyeza. Plastiki huyeyuka, na ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Polipropilini hasa hunuka kama mshumaa. Ikiwaka haraka kama karatasi na kunuka karatasi, una pamba au ile hariri ya bandia inayong’aa sana. Kama inang’aa, ishia hapo. Hariri ya bandia ikilowa hupoteza nguvu, na ikikauka hubaki na alama za njano na nyuzi zilizolala. Hiyo ni kazi ya fundi tangu mwanzo.

Sasa wino wenyewe. Kosa ninalolikuta kila nyumba ni kudhani wino wote ni kitu kimoja. Peni ya kawaida, yenye kigololi kidogo kwenye ncha, haitumii wino wa maji. Mhungaria László Bíró, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1938, alikuwa mwandishi wa habari, na alitaka wino mzito unaokauka upesi kama ule wa kuchapia magazeti. Wino wa namna hiyo ulikuwa hauteremki kwenye kalamu za zamani, ndipo akaweka kigololi cha kuuzungusha utoke. Mpaka leo wino wa peni hizo ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya vimiminika vizito vinavyoteleza kama mafuta, pamoja na utomvu unaonata. Moja ya rangi zinazotumika sana ndani yake ni ileile ya zambarau tunayoiita GV, dawa waliyokuwa wakipakwa watoto wenye utando mweupe mdomoni. Aliyewahi kuidondoshea shuka anajua kuwa maji peke yake hayaiwezi.

Kwa hiyo maji hayauyeyushi wino wa peni. Yanausukuma tu, ukatawanyika kutoka sarafu hadi sahani. Kinachouyeyusha ni spiriti.

Maji ya moto yalifanya kitu kingine zaidi. Umewahi kumwona mama anayesuka mikeka akitia rangi ukindu? Anauchemsha pamoja na rangi sufuriani, kwa sababu joto ndilo linaloifanya rangi iingie ndani badala ya kukaa juu juu. Sufu nayo kiwandani hutiwa rangi kwa maji ya moto. Ulipomimina maji ya moto juu ya wino, ulifanya kazi ya mtia rangi bila kukusudia. Sabuni ya unga nayo si rafiki wa sufu. Ni kali upande wa magadi, na nyingi zina vimeng’enya vilivyotengenezwa kuvunja protini za damu na chakula. Sufu yenyewe ni protini.

Na brashi. Nilipoanza kazi hii ya kusafisha mazulia nilisugua zulia la mzee mmoja kwa brashi ngumu mpaka wino ukaisha wote. Lilipokauka hapakuwa na hata chembe ya bluu, lakini nyuzi zilikuwa zimefumuka kama pamba iliyochambuliwa, na ukisimama mlangoni unaona kivuli cha mviringo palepale palipokuwa na doa. Mzee hakusema kitu, alikaa tu akiangalia. Nililipa, na tangu siku ile sijabeba brashi ngumu kwenye kazi ya doa.

Umesema doa ulilikuta limerudi asubuhi. Wengi hudhani wamerogwa au wameuziwa sabuni feki. Jibu liko kwenye koroboi. Utambi hupandisha mafuta ya taa kutoka chini hadi juu bila kusukumwa na mtu, na nyuzi za zulia ni tambi elfu nyingi zilizosimama. Ulipolifuta ulitoa wino wa juu, mwingine ukabaki chini kwenye mgongo wa zulia pamoja na maji. Zulia hukauka kuanzia ncha. Ncha zikikauka huvuta unyevu kutoka chini, na wino hupanda nao. Halikurudi, lilikuwa halijaondoka. Dawa yake nitaifikia.

Fanya hivi. Usianze na spiriti leo, kwa sababu zulia bado lina sabuni na jiki. Lisuuze kwa maji baridi matupu, ukilowesha sponji na kubonyeza, kisha ukinyonya kwa taulo kavu, mara tano au sita mpaka povu liishe. Siki usiiguse hatua hii, kwa sababu ya ile jiki. Halafu liinue juu ya viti viwili kivulini, hewa ipite juu na chini, uliache siku mbili mpaka likauke kabisa hadi mgongoni. Watu wenye haraka hapa ndipo wanapoharibu: spiriti ikikuta maji inazimuliwa, na nguvu yake ya kuyeyusha wino inapungua.

Wakati linakauka nenda duka la dawa. Nunua spiriti isiyo na rangi, ile ya kusafishia ngozi. Iangalie kwenye mwanga, kwa sababu kuna spiriti ya kuwashia majiko iliyotiwa rangi ya zambarau ili watu wasiinywe. Ukiipaka kwenye zulia la krimu utakuwa umeongeza doa la pili. Chukua na chupa ndogo ya glisarini. Nyumbani tafuta shuka kuukuu jeupe ulichanechane. Kanga usitumie hata kama imechakaa, huchuja, na spiriti huitoa rangi kuliko maji.

Siku ya kazi mtoto akae kwa jirani. Fungua madirisha, zima jiko, na chetezo cha udi kitoke nje na makaa yake. Mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na unaweza kushika moto kutoka kwenye kaa lililo mbali nawe. Vaa glavu. Kisha jaribu kwenye kona iliyojificha, na ujaribu mara mbili: kwenye krimu, na kwenye ua jekundu. Nyekundu ndiyo ninayoiogopa. Bonyeza kitambaa chenye spiriti kwa muda wa dakika moja, ukiangalie. Kikitoka cheupe endelea. Kikitoka na wekundu, weka chini kila kitu, mpigie fundi.

Kwa kuwa doa lina wiki mbili, anza na glisarini. Paka kwa kidole sehemu ndogo, ukubwa wa kisoda, uache nusu saa ilainishe ule utomvu uliokauka. Kisha lowesha kitambaa kwa spiriti. Nasema kitambaa, si zulia. Ukimimina spiriti juu ya zulia itashuka na wino hadi mgongoni, na kwenye mazulia yaliyobandikwa kwa gundi inalegeza gundi pia. Anzia ukingoni mwa doa kuelekea katikati. Bonyeza, hesabu hadi kumi, inua moja kwa moja juu bila kuvuta pembeni. Tazama kitambaa: bluu inayoonekana pale ndiyo iliyoondoka kwenye zulia. Geuza upande safi, bonyeza tena. Kitambaa chenye bluu ukikirudisha unapaka upya wino ulioutoa, na hili nimelazimika kuwakumbusha hata vijana ninaowafundisha kazi kwa sababu mkono unazoea kubonyeza bila kuangalia.

Kisoda kimoja kinaweza kula robo saa. Sahani nzima si kazi ya siku moja. Fanya saa moja leo, saa moja kesho, upumzishe zulia na kichwa chako. Ukifika mahali kitambaa kinatoka cheupe mara tatu mfululizo, spiriti imemaliza uwezo wake hapo, na kuendelea ni kuchosha nyuzi.

Baada ya hapo toa masalia ya glisarini na spiriti. Nusu kijiko cha chai cha shampuu ya mtoto kwenye nusu lita ya maji ya kawaida inatosha. Bonyeza kwa sponji, nyonya kwa taulo, rudia kwa maji matupu. Usiache povu, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye zulia inanata na kukamata vumbi, na baada ya mwezi utaona mviringo mweusi palepale ukadhani wino umerudi tena.

Halafu ndiyo dawa ya doa linalorudi usiku. Kunja taulo jeupe kavu mara nne, lilaze juu ya sehemu yenye unyevu, juu yake weka mfuko wa nailoni, na juu ya mfuko weka kitu kizito kama ndoo ya maji yenye mfuniko. Liache mpaka asubuhi. Unyevu ukipanda unamalizikia kwenye taulo badala ya kwenye ncha za nyuzi. Ukiliona taulo lina bluu furahi, badilisha jingine. Likitoka jeupe, washa feni likauke.

Matarajio yako yawe haya. Doa hili limepitia maji ya moto, na rangi ya peni za bluu hushikana na sufu kuliko inavyoshikana na plastiki. Nategemea sehemu kubwa ya bluu itatoka na kivuli chepesi kitabaki, hasa katikati. Kingekuwa kivuli kwenye zulia la plastiki la krimu, ningekuambia ujaribu matone ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Kwa lako, lenye maua mekundu na lililokwisha kuonja jiki, hatua hiyo mwachie mtu mwenye uzoefu.

Hayo mengine uliyoambiwa yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana yanaendelea kusambaa. Sprei ya nywele ilisaidia zamani kwa sababu ilijaa alkoholi. Nyingi za sasa zina kidogo, na gundi ya kushikilia nywele inabaki kwenye zulia. Kitakasa mikono nacho kina alkoholi nyingi, lakini ule ute wake unabaki. Ukiwa safarini huna kingine, sawa. Ukiwa nyumbani nunua spiriti tupu. Maziwa yanalainisha kidogo kwa mafuta yake, ila yanaacha protini chini ya zulia, na kwa joto letu siku ya tatu chumba kinanuka. Dawa ya meno inakwangua. Thina, asetoni na petroli zinayeyusha wino kweli, na zinayeyusha gundi ya mgongo pia, mbali na hatari ya moto ndani ya nyumba yenye watoto. Usiziingize sebuleni.

Kwa wengine mtakaosoma hili mkiwa na wino tofauti: peni za jeli na kalamu za wino wa chupa ni za maji, hizo anzeni na maji baridi na sabuni laini, spiriti baadaye. Maka peni ya kudumu, anzeni na spiriti. Unga wa mashine ya fotokopi ni plastiki laini, usiuloweshe wala kuupasha joto. Unyonyeni kwa mashine ya kufyonza vumbi ukiwa mkavu. Wino wa kura wenye naitreti ya fedha hugeuka mweusi kwa mwanga, na spiriti haiuwezi. Piko nayo si wino. Hukomaa ndani ya uzi kama inavyokomaa ndani ya unywele, na ikishakomaa nyumbani hamtaitoa.

Nirudi kwenye manjano yako. Piga magoti upanue nyuzi kwa vidole uangalie chini. Kama njano iko kwenye ncha tu na shina bado ni krimu, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kupunguza ncha hizo kwa mkasi mdogo, upana wa nywele kwa nywele, na alama ikapungua sana. Kama njano imefika chini, zimebaki njia mbili: kutiwa rangi upya mahali pale, au, kwa zulia lililofumwa kwa mkono, kung’olewa nyuzi zilizokufa na kufungwa nyingine za sufu. Zote ni kazi za watu wachache na bei yake si ndogo, kwa hiyo omba makisio kwanza. Zulia lililofumwa kwa mkono utalijua ukiligeuza: maua yanaonekana upande wa chini karibu sawa na juu, na mashada ya pindoni ni nyuzi za zulia lenyewe, hayakushonewa.

Likiwa limefumwa kwa mkono, ushauri wangu unabadilika: usifanye ya spiriti mwenyewe, fanya usuuzaji wa maji baridi tu na ulikaushe. Mpelekee fundi vilevile kama kitambaa cha majaribio kimetoa wekundu, kama nyuzi zinang’oka ukizigusa, au kama umefanya siku mbili na bluu haipungui. Fundi huyo muulize mambo mawili kabla hujamkabidhi: atajaribu wapi kwanza, na atatumia nini. Akikujibu kwa kutaja jiki, au akianza kufungua brashi ngumu, mshukuru urudi na zulia lako.

Kuhusu mkwe wako, mimi ningempigia simu kabla hajafunga safari. Wanaoleta mazulia kutoka Maskati mara nyingi hujua duka lilikotoka na limetengenezwa na nini, na jibu lake litakuokoa kubahatisha. Mwambie mtoto alikuwa anachora.

Siku ya kulipeleka usilikunje, liviringe, manyoya yakiwa ndani na shuka safi katikati ili bluu isihamie upande mwingine. Andika kwenye karatasi kila ulichokitia, kwa mpangilio: maji ya moto, sabuni ya unga, jiki, maji baridi, na chochote kilichofuata. Fundi akijua kuna jiki mle ndani hatamimina asidi juu yake.